Skrini ya seva ya mbali inanyamaza baada ya GRUB: nani ameacha kuongea?

Swali: Nina seva mbili za kukodi katika kituo cha data kilicho mbali nami. Moja ina Debian, nyingine FreeBSD, na zote zina IPMI, njia ya kusimamia seva kutoka mbali. Nimewasha SOL (Serial over LAN, konsoli ya seriali inayopita kwenye mtandao). Nikiunganisha kwa ipmitool naona maandishi ya BIOS na hata menyu ya GRUB, kile kipakiaji cha kerneli, lakini nikishachagua kerneli ile ya Debian inanyamaza kabisa, ingawa inawaka vizuri na naingia kwa SSH. Tayari nimeweka `console=ttyS0` kama maelekezo mengi yanavyosema. Nilipoongeza mipangilio ya GRUB, kila herufi ikawa inatokea mara mbili. Konsoli ya picha ya kwenye kivinjari ninayo, ila ni nzito mno kwa mtandao wangu. Nakosea wapi? Na je, ni salama kuacha kitu hiki wazi?

Jibu: Ndugu yangu, kwa dalili ulizozieleza karibu nina hakika kwamba kerneli yako haijanyamaza. Inaongea, ila kwenye poti isiyo na msikilizaji. Kilichokupoteza ni ile menyu ya GRUB, kwa sababu ilikufanya uamini kwamba mambo yamekwenda sawa hadi pale. Kumbe hayajakwenda. Ukishaelewa maandishi hayo yanapita njia gani, utaweza kurekebisha seva ya kampuni yoyote bila kukariri menyu zake, kwa hiyo nivumilie kidogo kabla sijafika kwenye amri.

Ndani ya ubao mama wa seva kuna kompyuta ya pili, ndogo, inayoitwa BMC. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake na anwani yake ya mtandao, nayo hubaki hai hata seva ikizimwa, alimradi umeme unafika. Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO, Lenovo wanaiita XClarity Controller, na wenye Supermicro wamezoea kuiita IPMI tu, ambalo kwa haki ni jina la kanuni za kuongea nayo. Kanuni hizo zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1998 na Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC. SOL iliingia rasmi katika toleo la 2.0 la mwaka 2004: data za poti ya seriali zinachukuliwa na kupitishwa kwenye mtandao, ndani ya pakiti za UDP namba 623.

Katika kazi hii BMC ni tarishi tu. Imeunganishwa na poti moja ya seriali ya ubao mama. Herufi ambayo seva inaiandika kwenye poti hiyo, BMC inaibeba na kukuletea. Unachobonyeza wewe, inakipeleka upande wa pili. Haijui aliyeandika ni nani, wala haijali. Waandishi ndio wanaobadilishana zamu: kwanza programu dhibiti ya ubao mama, iwe BIOS ya zamani au UEFI, kisha GRUB, kisha kerneli, na mwisho getty, ile inayokuomba jina na nenosiri. Hawa wanne hawarithishani mipangilio. Kila mmoja lazima aambiwe kivyake ni poti gani na kasi gani. Asiyeambiwa huandika kwenye skrini ya kawaida, na wewe uliye mbali huoni kitu.

Sasa ile menyu ya GRUB. Umeiona kabla hujaipanga GRUB kwa lolote, sivyo? BIOS ndiyo iliyokuonyesha. Ukiwasha uelekezaji wa konsoli kwenye BIOS, kinachofanyika ni kwamba BIOS inanakili kila kinachoandikwa kwenye skrini ya maandishi na kukituma kwenye poti ya seriali. GRUB, inapoandika kwa kutumia huduma za BIOS, inanakiliwa bila yenyewe kujua. Kwa UEFI hali ni ileile: GRUB inaandika kwenye konsoli ya UEFI, na UEFI inagawa maandishi hayo kwenye skrini na kwenye seriali. Ila kerneli ikishashika usukani, huduma hizo hazitumiki tena. Kerneli inaongea na vifaa moja kwa moja. Papo hapo nakala inakoma, na kama kerneli haina maelekezo sahihi, ndiyo kimya chako.

Na zile herufi mbilimbili zinatoka hapohapo. Ulipoiambia GRUB itumie seriali, wakawa waandishi wawili kwenye poti moja: GRUB yenyewe, na BIOS inayonakili skrini ambayo GRUB bado inaiandikia. Hujaharibu kitu. Umeongeza mwandishi wa pili pale ambapo mmoja alitosha.

Kwa nini basi `ttyS0` haikusaidia? Kwa sababu maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa mashine pepe, au kwa kompyuta yenye tundu la seriali nyuma yake, na huko ttyS0 ndiyo poti ya kwanza. Kwenye seva, COM1 mara nyingi ndilo lile tundu halisi la nyuma, na SOL imewekwa COM2. Linux huhesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo COM1 ni ttyS0 kwenye anwani 0x3F8 na IRQ 4, na COM2 ni ttyS1 kwenye 0x2F8 na IRQ 3. Zipo pia mashine ambazo SOL yake ni COM3, yaani ttyS2 kwenye 0x3E8, na zipo ambazo kweli ni ttyS0. Usikisie. Kwa bahati nzuri una SSH inayofanya kazi, na hapo jibu linapatikana bila kuwasha seva upya.

Fungua madirisha mawili. La kwanza, unganisha SOL:

```
export IPMI_PASSWORD='nenosiri-lako'
ipmitool -I lanplus -H 10.0.40.21 -U msimamizi -E sol activate
```

Kumbuka `lanplus`. Ukiandika `lan` tupu unatumia kanuni za zamani ambazo hazina SOL hii. Herufi `-E` inaiambia ipmitool isome nenosiri kutoka kwenye mazingira, ili usiliandike wazi kwenye mstari wa amri kama unavyofanya ukitumia `-P`.

Dirisha la pili, ingia kwa SSH ukiwa root na uangalie poti zilizopo:

```
cat /proc/tty/driver/serial
```

Utaona mistari ya namna hii:

```
0: uart:16550A port:000003F8 irq:4 tx:0 rx:0
1: uart:16550A port:000002F8 irq:3 tx:0 rx:0
2: uart:unknown port:000003E8 irq:4
3: uart:unknown port:000002E8 irq:3
```

Zenye `unknown` hazipo kwenye ubao wako. Sasa piga hodi kwenye kila mojawapo ya zilizobaki:

```
for i in 0 1; do
  stty -F /dev/ttyS$i 115200 clocal -crtscts
  echo "hapa ni ttyS$i" > /dev/ttyS$i
done
```

Itakayojitokeza kwenye dirisha la SOL ndiyo poti yako. Kwa kisa chako natarajia usome "hapa ni ttyS1". Ukiona alama zisizosomeka, poti ni sahihi lakini kasi hailingani. Seriali haina mazungumzo ya kukubaliana kasi: pande mbili ama zimewekwa sawa, ama zinabaki kupigiana kelele. Ikiwa hakuna kinachotokea kwenye poti yoyote, tatizo liko upande wa BMC, na hapo unauliza:

```
ipmitool -I lanplus -H 10.0.40.21 -U msimamizi -E sol info 1
```

Namba 1 ni chaneli ya mtandao. Kwenye baadhi ya mashine ni nyingine. Angalia kama SOL imeruhusiwa na kama kasi inasomeka 115.2. Kuna kasi mbili, ya muda na ya kudumu. Panga zote mbili, la sivyo BMC ikiwashwa upya utarudi pale ulipoanzia (nukta tatu zinasimama badala ya vigezo vilevile vya juu):

```
ipmitool ... sol set enabled true 1
ipmitool ... sol set volatile-bit-rate 115.2 1
ipmitool ... sol set non-volatile-bit-rate 115.2 1
ipmitool ... sol payload enable 1 3
```

Mstari wa mwisho unampa ruhusa ya SOL mtumiaji namba 3 kwenye chaneli 1. Hili husahaulika sana mtu anapounda mtumiaji mpya wa BMC: anaweza kuwasha na kuzima seva, lakini SOL inamkatalia, naye anaanza kupekua nyaya. Ukiambiwa kuna kipindi kingine kinachotumika, ni wewe mwenyewe wa jana uliyefunga kompyuta bila kuaga. `sol deactivate` itakifukuza. BMC ikigoma kabisa, `mc reset cold` inaiwasha upya yenyewe bila kuigusa seva, kwa hiyo Debian yako haitahisi lolote.

Upande wa BMC ukikaa sawa, ingia kwenye mipangilio ya BIOS. Unaweza kuingia kupitia SOL hiyohiyo, ila vitufe vya F havipiti vyema kwenye seriali. Kwenye mashine nyingi F2 ni Esc kisha 2, F10 ni Esc kisha 0, F11 ni Esc kisha alama ya mshangao, F12 ni Esc kisha @, na kitufe cha kufuta, Del, ni Esc kisha kistari. Tafuta sehemu yenye maneno Console Redirection. Chagua poti ya SOL, kasi 115200, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama, udhibiti wa mtiririko uzimwe, na aina ya konsoli VT100+ au VT-UTF8. Mkanganyiko mkubwa uko kwenye chaguo linalohusu uelekezaji baada ya ukaguzi wa kuwaka. Jina lake hutofautiana, lakini maana ni moja: BIOS iendelee kunakili skrini hata baada ya kukabidhi zamu, au iache?

Mimi nikiwa na chaguo, naiambia iache, kisha GRUB inaandika yenyewe. Ni safi zaidi: hakuna herufi mbilimbili, na vitufe vya mshale havipotei kwa sababu wasomaji wawili wanagombania herufi ileile. Lakini mashine nyingi za UEFI hazina chaguo hilo, na hapo sioni sababu ya kushindana nazo. Acha programu dhibiti iendelee kunakili, uiondoe seriali kwenye GRUB. Njia zote mbili zinakufikisha. Kinachoumiza ni kuzichanganya.

Kwenye Debian fungua `/etc/default/grub`:

```
GRUB_TIMEOUT=10
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT=""
GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS1,115200n8"
GRUB_TERMINAL="console serial"
GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --unit=1 --speed=115200 --word=8 --parity=no --stop=1"
```

Kisha endesha `update-grub`. Kama umeamua kuiachia programu dhibiti kazi ya kunakili, mstari wa `GRUB_TERMINAL` uwe `console` peke yake, na ule wa mwisho uufute. Neno `quiet` nimeliondoa makusudi. Mtu anayeunganisha seriali anataka kujua mashine imekwama wapi. Kuificha habari hiyo ni kujihujumu. Sekunde 10 za kusubiri nazo si nyingi, maana menyu inayopita kabla hujabonyeza kitu ni sawa na kutokuwa nayo. Kwa jamaa wa Red Hat Enterprise Linux na ndugu zake, vigezo vya kerneli huwekwa kwa `grubby --update-kernel=ALL --args="console=tty0 console=ttyS1,115200n8"`, kwa kuwa kila kerneli ina faili lake la kuwakia.

Mpangilio wa zile `console=` mbili una uzito wake. Ujumbe wa kerneli huenda kwenye konsoli zote zilizotajwa. Lakini `/dev/console`, ambayo programu za mwanzo hutumia kuuliza maswali, ni ile iliyotajwa mwisho, moja tu. Ukiweka tty0 mwisho, utaona kerneli ikiwaka vizuri kwenye SOL, halafu fsck, ile inayokagua mifumo ya faili, ikikuuliza swali hutaliona, wala sauti ya ganda la dharura hutaisikia. Kama diski imesimbwa kwa LUKS, ombi la nenosiri nalo linaweza kwenda kwenye skrini ambayo hakuna aliyesimama mbele yake. Kwa seva ya mbali, seriali iwe ya mwisho. Gharama yake ni kwamba fundi wa kituo cha data akichomeka skrini ataona ujumbe wa kerneli kisha kimya mpaka ombi la kuingia litokee, naye anaweza kukuandikia kuwa mashine imeganda. Mjulishe mapema.

Zamu ya mwisho, getty, kwa kawaida haikuhitaji. systemd ikiona konsoli ya seriali kwenye vigezo vya kerneli, inaanzisha `serial-getty@ttyS1.service` yenyewe. Hakikisha kwa `systemctl status serial-getty@ttyS1`, na kama haipo, iwashe kwa `systemctl enable --now`. Ombi la kuingia likionekana lakini herufi unazoandika hazifiki, tazama kwanza udhibiti wa mtiririko: upande mmoja unasubiri ishara ya kuruhusiwa kutuma ambayo upande wa pili hautaitoa kamwe.

Baada ya hapo washa seva upya huku SOL ikiwa wazi, na konsoli ile nzito ya picha ikiwa tayari pembeni kama akiba. Fanya hivyo leo, mashine ikiwa nzima, usingoje siku imekwama. Angalia zamu moja baada ya nyingine. Maandishi yakikatikia kabla ya GRUB, rudi kwenye BIOS. Yakikatikia mara tu baada ya GRUB, vigezo vya kerneli. Yakifika mpaka mwisho bila ombi la kuingia, getty. Kama BMC yako inatumia kebo moja na kadi ya mtandao ya seva badala ya tundu lake lenyewe, usishangae SOL ikikatika kwa muda wakati wa kuwaka. Kadi inapoanzishwa upya, na BMC inapoteza mtandao. Kwa mashine muhimu, omba tundu la pekee.

Kutoka kwenye SOL ni tilde kisha nukta, mwanzoni mwa mstari. Tatizo ni kwamba SSH nayo inatumia alama hizohizo. Ukiwa umeingia kwanza kwenye mashine ya katikati kwa SSH halafu ukafungua ipmitool, `~.` itakata SSH na kuacha kipindi cha SOL kikining'inia. Andika `~~.` ndipo ifike kwa ipmitool, au ubadilishe alama kwa `-e` unapoanza. Dirisha likijikunja vibaya ndani ya vim, ni kwa sababu seriali haijui ukubwa wa skrini yako na inadhani ni safu 80 kwa mistari 24. `stty rows 50 cols 160` inatosha kuisahihisha. Na usibandike faili zima la mipangilio kwa mkupuo. Herufi zitadondoka njiani, na hutajua zipi.

Kitu kinachonifanya niithamini seriali kuliko konsoli ya picha ni kile kinachobaki mfumo ukianguka. Kerneli ikipata hofu (kernel panic, yaani ikianguka), skrini ya picha inakuonyesha mistari ya mwisho tu, ile yenye sababu imeshapanda juu na kupotea. Kwenye SOL maandishi yote yanapita kwenye dirisha lako, unayanakili, unayatafuta. Lakini usitegemee BMC ikuwekee. Kilichopita wakati hujaunganisha kihesabu kimepotea. Ukiwa na seva zaidi ya moja, weka programu kama conman au conserver kwenye mashine ndogo tulivu, ishike SOL saa zote na kuandika kila kitu kwenye faili. Faida nyingine ni kwamba SOL hukubali mtu mmoja kwa wakati, ilhali programu hizi zinawaruhusu wengi kutazama pamoja.

Na seva ikiganda bila kufa, bado kuna SysRq, amri za dharura zinazopokewa na kerneli moja kwa moja. Ndani ya ipmitool, `~B` hutuma ishara ya kukatiza; ndani ya sekunde 5 bonyeza herufi: `w` inaorodhesha michakato iliyokwama ikisubiri diski, `s` inasukuma data kwenda diski, `u` inageuza mifumo ya faili iwe ya kusoma tu, `b` inawasha upya papo hapo. Kiwango kinachoruhusiwa kinapangwa na `kernel.sysrq`. Wapo wanaoogopa kuiacha wazi kwenye seriali, lakini mwenye uwezo wa kufika kwenye SOL yako ana uwezo wa kukata umeme wa seva kwa amri moja, kwa hiyo mlango huu hauongezi hatari kubwa.

Tahadhari moja ya kasi. Herufi moja inachukua biti 10 njiani, pamoja na za kuanza na kumaliza, kwa hiyo 115200 ni herufi 11,520 kwa sekunde, na 9600 ni 960 tu. Kerneli inapoandika kwenye konsoli ya seriali, prosesa husubiri. Kanuni ya ngome ya mtandao iliyowekwa kurekodi kila pakiti inayokataliwa inaweza kuifanya seva nzima ikokote miguu bila sababu inayoonekana, na mtu akalaumu diski. Ongeza `loglevel=4` kwenye vigezo vya kerneli. Ujumbe mdogo hautakwenda kwenye seriali, ila utaendelea kuupata kwa `dmesg` na `journalctl`.

Kuhusu FreeBSD, kanuni ya zamu ni ileile, ila kipakiaji na kerneli vinasoma faili moja, `/boot/loader.conf`:

```
boot_multicons="YES"
boot_serial="YES"
comconsole_speed="115200"
comconsole_port="0x2F8"
console="comconsole,vidconsole"
```

Hiyo 0x2F8 ndiyo COM2. Usipoitaja, itachukua COM1 na utarudi kwenye kimya kilekile. Mashine ikiwaka kwa UEFI, andika `efi` badala ya `vidconsole`. Getty iko ndani ya `/etc/ttys`, na mstari wa `ttyu1` wenye neno `onifconsole` unatosha: utajiwasha poti hiyo ikiwa ndiyo konsoli.

Sasa usalama. Kuiacha BMC wazi kwenye intaneti si salama, na hapa sina ulegevu. Kasoro moja imo ndani ya kanuni zenyewe za IPMI 2.0: wakati wa kuingia, BMC humpa anayeuliza alama iliyotengenezwa kwa nenosiri la mtumiaji kabla hajathibitisha yeye ni nani. Anayeichukua anaenda kukisia nenosiri nyumbani kwake, bila kufungiwa na bila wewe kuona jaribio hata moja. Imesajiliwa kama CVE-2013-4786, na kwa kuwa ni sehemu ya kanuni, hakuna sasisho la kuiondoa. Nenosiri lenyewe haliwezi kuzidi baiti 20, kwa hiyo tumia zote 20, za kubahatisha, tofauti kwa kila seva.

Kasoro ya pili ni aina ya usimbaji namba 0, inayomruhusu mtu kuingia kwa nenosiri lolote. Jipime kwa mashine yako:

```
ipmitool -I lanplus -C 0 -H 10.0.40.21 -U msimamizi -P uongo user list
```

Ukipewa orodha ya watumiaji, mlango uko wazi. Uzime kwenye mipangilio ya BMC au usasishe programu dhibiti yake. Ikiwa BMC yako inakubali, lazimisha `-C 17`, inayotumia SHA-256 kwenye uthibitishaji. Kumbuka pia kwamba mwenye root ndani ya Debian yako anaweza kuendesha ipmitool kupitia `/dev/ipmi0` bila nenosiri lolote na kujiundia mtumiaji wa BMC. Seva ikiwahi kuvamiwa, kagua watumiaji wa BMC pia, maana kusakinisha mfumo upya hakuwagusi.

Mwombe mwenye kituo cha data aiweke BMC kwenye VLAN ya pekee inayofikiwa kwa VPN. Na kama BMC yako ina SSH, itumie hiyo badala ya IPMI: kwenye iDRAC unaingia na kuandika `console com2`, unatoka kwa Ctrl na `\`, kwenye iLO unaandika `vsp`, unatoka kwa Esc kisha mabano ya kufungua. Poti ya seriali ni ileile na mipangilio yote ya hapo juu haibadiliki, ila sasa unaweza kuzima IPMI ya mtandao kabisa.